Huria, Kufuli na Magoti Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo vita vimeanza na mimi nimeshachagua upande. Meneja alituita wasoma mita wote wanane saa moja na nusu asubuhi, kabla hatujatoka. Mezani alikuwa amepanga simu mpya za kazi, aina mbili. Nne za kijivu, nne nyeusi. Akasema daftari za kuandikia namba za mita sasa basi. Tutazijaribu simu hizi wiki mbili, kisha ofisi itachagua aina moja kwa wote.

Ya kijivu iko wazi. Unaweka programu unayotaka, unaondoa usiyoitaka, hakuna wa kukuuliza. Nyeusi imefungwa kila upande. Inafanya mambo matatu: inaonyesha nyumba, inapokea namba ya mita, inatuma. Ukiibonyeza kwingine inakutazama tu.

Kisha ikaja habari yenyewe. Msimamizi wetu anastaafu katikati ya mwezi huu. Atakayefanya kazi nzuri kuliko wote katika wiki hizi mbili atapewa meza yake. Meza iko dirishani. Kiti chake kinazunguka na kina mto. Mtu wa meza ile hatembei juani. Hachuchumai. Hafunui kifuniko cha chuma cha shimo lolote.

Nina miaka hamsini na mbili. Mita za maji za mji huu zimefukiwa ardhini kama viazi, na miaka ishirini na mbili nimeimaliza nikizichuchumalia. Nakitaka kile kiti. Nakitaka kuliko nilivyotaka kuoa, na mke wangu asisome hapa.

Nilinyakua ya kijivu kabla Meneja hajafunga mdomo. Pasi alichukua nyeusi. Pasi ni mwenzangu, tuliajiriwa mwezi mmoja. Tunamwita hivyo kwa sababu suruali yake ina mstari hata akitoka shimoni. Yeye ndiye mpinzani wangu. Wale wengine sita hawana njaa ya kutosha.

Jumanne, 4 Juni

Siku moja tu na tumeshagawanyika. Simu ya kijivu imeitwa Huria, nyeusi imeitwa Kufuli. Wakati wa chai watu wa Huria tulikaa upande wa bomba, watu wa Kufuli upande wa lango. Hakuna aliyetuamuru.

Hoja zetu: Huria ina redio. Ina tochi. Mimi nimeweka picha ya mjukuu wangu mbele. Mfupi, mwenzetu wa mitaa ya chini, ameweka mlio wa jogoo. Hoja zao: Kufuli inakaa na chaji siku mbili, na ile ya Pasi ilitumbukia kwenye shimo lenye maji ikatoka ikiendelea na kazi. Nikasema hata jiwe likitumbukia majini linatoka likiwa jiwe. Upande wetu ulicheka sana. Pasi naye alicheka, jambo lililoniudhi.

Akaniuliza kwa upole redio inasaidia nini katika kusoma mita. Nikamwambia hilo ni swali la mtu aliyezoea kufungiwa. Nimelirudia jibu lile kichwani njia nzima. Ni jibu zuri!

Chaji ya Huria iliisha saa sita na robo. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi simu. Kibanda chake ni kidogo, ukiingia wewe, mteja mwingine anatoka. Nilimpelekea Huria baada ya kazi. Aliigeuza mara mbili mkononi, akanitazama kwa huruma. Akasema nimepewa nyumba yenye milango yote wazi halafu nimekaa barazani. Ipo programu inayosoma namba kwenye picha. Unapiga picha ya mita, namba zinajiandika zenyewe, zinajituma zenyewe.

Zinajituma zenyewe! Nikakiona kiti mbele ya macho yangu.

Mpango ni huu. Huria inafungwa kwenye mpini wa ufagio. Nafunua kifuniko kwa ndoano ndefu, nateremsha ufagio shimoni, picha, napandisha. Sichuchumai. Nimesimama wima kama afisa.

Nyumbani mke wangu aliuliza ufagio wake umekwenda wapi. Nikasema umeenda kazini. Akasema kama ofisi imeanza kunifagisha, nimwambie, asiambiwe na watu. Nikamweleza mpango wote. Hakuvutiwa. Yeye ana simu ya aina iliyofungwa, kila kitu kimeamuliwa kiwandani, na kwa miaka minne hajampelekea mdogo wake hata mara moja. Anasema simu yake haina maneno. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikila na kulala na mtu wa Kufuli!

Ijumaa, 7 Juni

Nyumba sabini na moja! Kabla ya saa nane! Pasi alisoma arobaini.

Nilimwona kwenye mtaa wa shule. Anapiga goti juu ya kipande cha gunia. Anafuta kioo cha mita kwa kitambaa. Anasoma namba kwa sauti, anaiandika, anaisoma tena. Utadhani anaagana na ile mita. Nilipita upande wa pili nikiwa na ufagio begani, nikampungia mkono. Watoto wa mtaa ule waliniuliza kama ninavua samaki. Mtu wa maendeleo lazima achekwe kidogo.

Niandike na ukweli, maana daftari hili ni langu. Mwezi uliopita nilichuchumaa kwenye shimo la mshonaji wa kona na sikuweza kuinuka. Magoti yalikataa kabisa. Nilikaa pale nikijifanya nasikiliza bomba linalovuja, hadi Pasi alipopita na kuniinua kwa makwapa. Alinipangusa vumbi mgongoni, akaenda zake. Tangu siku ile naogopa. Siku atakapolisema jambo hilo ofisini, nimekwisha. Msoma mita asiyeweza kuinuka si msoma mita, ni mzigo. Sina kazi nyingine ninayoijua. Ndiyo maana nakitaka kile kiti.

Jumapili, 9 Juni

Kuna kero ndogo. Huria inapiga kelele. Kila nyumba kioo kinageuka chekundu na kuuliza: matumizi haya si ya kawaida, una hakika? Kila nyumba! Nabonyeza ndiyo. Mara sabini na moja, ndiyo. Kidole gumba kimevimba.

Leo nilimwuliza shemeji kama onyo lile lina maana yoyote. Akasema maonyo yamewekwa kwa ajili ya watu wasiojiamini. Akaliondoa kwa dakika tatu huku akila karanga. Akaongeza kuwa kwenye Kufuli jambo hilo haliwezekani, huwezi kuiondolea onyo hata ukiipigia magoti. Nikamhurumia Pasi, kwa kweli.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akimsubiri mdogo wake amrudishie sufuria yake. Akauliza: kama simu imeshangaa nyumba zote sabini na moja, je, niliwahi kuangalia yenyewe imeandika nini? Nikamwambia namba zinajituma zenyewe, hiyo ndiyo faida. Akasema haya. Mke wangu akisema haya kwa namna ile, huwa kuna mengi nyuma yake, lakini mimi sina muda wa kuyafuata.

Jumanne, 11 Juni

Siku tamu. Siku ya asali!

Kwenye nyumba ya daktari wa meno, mita imebadilishwa. Mita mpya ina namba mpya ya usajili, na Kufuli ya Pasi haiitambui. Ikamwambia nyumba hiyo haipo. Pasi amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa mbili, daktari mwenyewe yuko mlangoni, na simu inasema haipo! Ili iingizwe lazima makao makuu waandike ruhusa. Alisubiri saa mbili na nusu. Mimi Huria yangu ingeikubali kwa kubonyeza mara moja, nikamwambia hivyo. Nikamwambia tena. Nilirudi kutoka mtaa wa pili ili nimwambie mara ya tatu.

Pasi alikubali. Alisema hapo kweli Kufuli inakera, na kwamba mtu mzima hapaswi kuomba ruhusa ya kuona nyumba iliyo mbele yake. Kisha akaandika namba kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilitarajia abishane. Mtu akikubali moja kwa moja, ushindi unakuwa hauna ladha.

Kwenye chai nililisimulia jambo lile mara mbili na kuongeza chumvi. Kufikia mwisho wa masimulizi yangu, daktari alikuwa analia. Mtu mmoja wa Kufuli alikasirika, akasema mimi naipigania simu kana kwamba nimeizaa. Nikamjibu yeye anaitetea simu kana kwamba imemzaa yeye. Mfupi akawika kwa simu yake. Meneja akachungulia dirishani, tukarudi kazini.

Ijumaa, 14 Juni

Mwisho wa majaribio. Nimesoma nyumba mia tano na kumi na mbili, na mia nne ishirini na sita kati ya hizo ni za ufagio. Pasi ana mia tatu na tisini. Haiwezekani nikakosa!

Jana niliomba nipewe na mtaa anaokaa Meneja, ingawa si eneo langu. Nilitaka aone kwa macho yake. Alitoka akiwa na kikombe mkononi, akautazama ufagio ukishuka shimoni na kupanda. Akauliza kama ni salama. Nikamwambia ni salama kuliko daftari. Akasema inavutia. Nimeandika neno hilo ukutani, nyuma ya kabati: inavutia.

Kwa mama mkwe wangu nilipita pia, yuko mtaa wa nyuma. Alisema ni aibu mkwe wake kutembea na ufagio mchana kweupe. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikapiga picha, nikaondoka.

Mchana, ofisi ikiwa tupu, nilikijaribu kiti. Kinazunguka bila kelele. Ukikaa, magoti yanashukuru, niliyasikia. Nilizunguka mara tano. Mara ya sita nikamwona mfagizi mlangoni. Nikamwambia nilikuwa nakikagua.

Jumatatu, 17 Juni

Bili zimetumwa leo asubuhi kwenye simu za wateja. Nilivaa shati jipya.

Saa tatu kasorobo simu ya ofisi ililia. Saa tatu zililia simu zote. Saa tatu na nusu wateja walikuwa wamejaa hadi langoni, kila mmoja ameinua simu yake juu. Mshonaji wa kona alikuwa anauliza kama anadhaniwa anashona ndani ya ziwa.

Mke wangu alinipigia. Mama yake ameandikiwa uniti laki saba thelathini elfu, mia nane themanini na tano. Mama ameketi chini, amefunga mabomba yote, hataki hata kuosha kikombe. Anauliza mkwe wake alimfanyia nini na ule ufagio.

Nikatafuta mlango wa nyuma. Nikakutana na Meneja anaingia kwa mlango huohuo, anawakimbia wateja. Alinionyesha simu yake. Uniti milioni moja na zaidi. Kwa mwezi mmoja, na yeye anaishi na mke wake tu.

Jumanne, 18 Juni

Ni zile nyekundu! Namba nyekundu!

Kila msoma mita anajua. Kwenye kioo cha mita kuna tarakimu tano nyeusi, halafu tatu nyekundu. Nyeusi ni uniti, ndizo zinazolipiwa. Nyekundu ni vipande vidogo vya uniti moja, hazisomwi kamwe. Hilo ndilo somo la kwanza la mtu anayeanza kazi. Mimi mwenyewe nimelifundisha miaka mingi. Lakini programu ya shemeji haikupita mikononi mwangu. Yenyewe iliona tarakimu nane, ikachukua nane. Kwa mama mkwe mita ilionyesha 731, ikifuatiwa na 604 nyekundu. Ikaandika 731604, mfumo ukatoa 719 ya mwezi uliopita, na hiyo ndiyo bili. Ikajituma yenyewe.

Huria haikuuliza. Iliuliza, niseme kweli, mara sabini na moja. Kisha nikaikata ulimi.

Meneja akaitisha simu moja ya Kufuli mbele ya wote. Akajaribu kuandika tarakimu ya sita. Ikakataa. Akabonyeza kwa nguvu. Ikakataa. Watu wa Kufuli walikuwa wamenyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko. Watu wa Huria walitazama viatu vyao. Mfupi amemwondoa jogoo kwenye simu yake.

Nilijitetea. Nilisema kosa si la simu, ni la mita, kwa kuweka rangi ambazo picha haizijali. Meneja akaniomba nikae chini. Nikamwomba msamaha. Hilo nalo niliandike: niliomba msamaha, na nikaona aibu ya kweli.

Jumatano, 19 Juni

Uamuzi. Wote tutatumia Kufuli. Msimamizi mpya ni Pasi. Makofi yalipigwa na mimi nikapiga, kidogo.

Nilikuwa nasubiri barua ya kufukuzwa. Badala yake Meneja akasema nitabaki ofisini hadi mwisho wa mwezi, niwapigie wateja wote mia nne ishirini na sita, mmoja baada ya mwingine. Niwaombe radhi na kuwapa namba sahihi. Mezani pa nani? Pasi akasema yeye hataki kukaa, anapenda kuzunguka na wasomaji mitaani. Meza ya dirishani iwe yangu kwa sasa.

Mfupi ananiambia mlango wa Meneja ulikuwa umebaki wazi kidogo, akasikia. Meneja alitaka kuniachisha kazi. Pasi alikataa. Alisema nimeyamaliza magoti yangu kwenye mashimo ya ofisi hii, na mtu kama huyo hatupwi, anatafutiwa pa kukaa. Hakutaja siku ya mshonaji. Hakutaja makwapa.

Najua anachotaka. Anataka nimshukuru. Simshukuru ng'o!

Jumatatu, 24 Juni

Nimetukanwa mara sitini na mbili leo, nikiwa nimeketi. Kutukanwa ukiwa umeketi ni kitu kingine kabisa. Mtu anafoka, mimi nageuka taratibu kuelekea dirishani, natazama wenzangu wanatoka kwenda juani, nasema ndiyo mama, umeonewa, ni uniti kumi na mbili tu. Magoti hayajalia hata mara moja. Leo nilipanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Mke wangu aliona. Alinishika mkono bila sababu, tukakaa hivyo.

Mama mkwe nilimpigia wa mwisho kwa leo. Nikamwambia bili yake sahihi. Akauliza kama anaweza kuosha vikombe sasa. Nikasema osha, mama. Akasema basi ufagio urudi kwa mwenyewe.

Adhuhuri nilimpelekea Pasi chai. Si shukrani. Nilikuwa napita.

Ijumaa, 28 Juni

Mteja wa mwisho nimempigia saa nne. Kazi ya kiti imeisha. Jumatatu narudi mitaani, mashimo yaleyale, na Kufuli mfukoni. Nilikaa nikakitazama kile kiti muda mrefu. Nilihuzunika kama mtu anayehama nyumba.

Kuhusu simu zenyewe, sina kinyongo. Kwa kweli mimi nilikuwa mtu wa Kufuli tangu mwanzo, ni vile tu ile ya kijivu ilikuwa karibu na mkono wangu. Nilimweleza Mfupi hivyo kwenye chai, nikahamia upande wa lango. Ameacha kunisemesha. Shemeji naye ameniita msaliti. Watu wengine hawawezi kukua.

Saa nane Pasi alitugawia Kufuli zetu na kutupa maelekezo. Aliongea vizuri, bila majivuno. Akasema kila mtu atachagua namba ya siri ya tarakimu nne, na tuitunze sana. Mtu akikosea mara tatu mfululizo, simu inajifunga. Hakuna fundi anayeweza kuifungua, ni makao makuu tu, na huchukua wiki nzima. Wiki hiyo yote msomaji huyo hatatoka. Atakaa ofisini kwenye meza ya dirishani, apokee simu za wateja. Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kama onyo. Wenzangu wakaguna.

Niliinua mkono. Nikauliza kama wiki maana yake ni siku tano au siku saba. Pasi akasema ni saba, wakati mwingine kumi. Nikauliza kama mtu anaweza kukosea zaidi ya mara moja kwa mwezi. Akanyoosha mstari wa suruali yake, akasema inategemea kumbukumbu ya mtu.

Namba yangu ya siri nimeweka mwaka niliooa. Nimeshaanza kuusahau.